Feza ya Mabwe: Komini Yetu Itabakia na Nini?

Siku moja ya Mungu, kiisha ibada, kijana mumoja wa kwaya alinishika mukono pa mulango wa kanisa. Akaniambia: «Pasta, kila siku tunaonaka makamio ya mabwe inapita pa njia yetu. Mavumbi, shiye njo tunakula. Sasa feza yake inaendaka wapi? Na mabwe ikiisha, tutabakia na nini?»

Sikumujibu siku ile. Nilijua kwamba alikuwa anafikiri kuacha masomo na kwenda kuchimba. Ulizo lake halikuwa la ubishi. Lilikuwa la maisha. Leo ninajaribu kulijibu, kwa ajili yake na kwa vijana wote.

Mifuko miwili

Mama wa nyumba akipokea feza ya mwezi, anaitenga. Kuna ya kula: bunga, makala, sabuni. Na kuna ya kuweka pembeni: mabati ya nyumba, deni la masomo. Akikula feza ya mabati, mvua itamulipisha.

Komini ni vile vile. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 inasema kwamba muji, komini, sekta na sheferi zina uwezo wa kujiongoza na zina bajeti yao. Bajeti ni ya mwaka mumoja, kuanzia tarehe 1 Januari mpaka 31 Desemba. Bourgmestre na wenzake wanaitayarisha, kisha baraza la komini linaichunguza na kuipigia kura. Feza inayoingia na feza inayotoka zinapashwa kuwa sawasawa pa karatasi.

Ndani ya bajeti kuna mifuko miwili. Mufuko wa kwanza ni wa kila siku: mishahara, makaratasi, mazuti ya motokari. Mufuko wa pili ni wa kujenga vitu vinavyokaa miaka mingi: masomo, kilalo, soko, mifereji ya maji ya mvua. Kazi hizi kubwa haziishi katika mwaka mumoja. Ndiyo sababu komini inapashwa kuwa na mupango wa maendeleo wa miaka kadhaa, na kila mwaka kukata kipande kimoja cha mupango ule na kukitia katika bajeti. Bila mupango, kila mukubwa mupya anaanza kazi yake mwenyewe, na ya yule wa mbele inabakia kuta bila mabati.

Feza ya mabwe inagawanywaje?

Kampani inayochimba inalipa redevansi juu ya bei ya madini inayouza. Kwa shaba ni 3,5 kwa mia. Kobalti, tangu ilipohesabiwa kuwa madini ya strateji mwaka 2018, ni 10 kwa mia.

Kodi mupya ya madini ya Machi 2018 inagawanya redevansi ile hivi. Tuseme ni franka 100: franka 50 zinaenda kwa serikali kuu, 25 kwa provense, 15 kwa komini, sekta au sheferi ambamo kazi inafanyika, na 10 kwa mufuko wa vizazi vinavyokuja. Zile 15 hazipashwi kupitia Kinshasa kwanza. Kampani inazilipa moja kwa moja katika konti ya entite yenyewe. Basi, kijana wangu, sehemu moja ya jibu ni hii: ziko feza zinazofika karibu sana na mulango wako.

Lakini feza hii haitulii. Mwezi wa pili 2025 serikali yetu ilisimamisha kuuza kobalti inje ya inchi, na tangu Oktoba mwaka ule ikaweka kipimo kwa kila kampani. Komini iliyozoea kulipa mishahara na feza ya kobalti, siku kama ile itafanya nini? Tena mabwe haioti kama mihogo. Ikitoka, imetoka. Kwa hiyo feza ya kitu kinachoisha inapashwa kujenga kitu kinachobakia.

Wazee wetu waliona. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa karibu tani 476 000 za shaba. Mwaka 1994 haikufikisha hata tani 50 000. Kampani ile ndiyo iliyokuwa inabeba masomo na hospitali katika miji yetu. Ilipoanguka, mizigo ile yote ilianguka pamoja nayo, na jamaa nyingi zikabakia mikono mitupu.

Kosa letu wenyewe

Nisiwasemee wakubwa tu. Katika paruwasi moja nilimotumika, tuliomba sadaka tukachimba kisima kirefu. Tukanunua pompi na grupu. Siku ya kufungua tuliimba na kucheza. Kisha miezi saba pompi ikakufa. Hatukukuwa tumeweka hata franka moja ya kutengeneza, na mazuti tulikuwa tunakopa. Wabinti wetu wakarudia kubeba mabido kutoka mutoni.

Nilikuwa nimehubiri mara ngapi juu ya mutu anayeketi kwanza na kuhesabu garama mbele ya kujenga munara! Nilihesabu garama ya kujenga, nikasahau garama ya kutunza. Komini nyingi zinafanya kosa lile lile. Dispanseri inajengwa, lakini katika mufuko wa kila siku hakuna feza ya dawa wala ya mulinzi.

Tufanye nini?

Kwanza, tuulize mapema. Bajeti ikikwisha kupigiwa kura, kulia ni kulia tu. Miezi ya mbele ya Januari ndiyo wakati wa kwenda kwa mukubwa wa kartie na kusema: sisi tunahitaji kilalo mbele ya jumba la karamu.

Pili, tujue mulango wa kupiga hodi. Kwa miaka mingi komini hazikukuwa na baraza lililochaguliwa. Desemba 2023, katika sehemu ya komini za inchi, watu walichagua washauri wao. Pahali walipo, wale ndio wa kuulizwa.

Tatu, tuende mikutanoni. Haiko ndoto. Kule Brazil, muji wa Porto Alegre ulianza mwaka 1989 kuwaita wakaaji wa kila kartie wachague kazi za kujenga. Hata Kivu ya Kusini walijaribu, na watu waliitwa mikutanoni kwa ujumbe wa telefone.

Kwa yule kijana wa kwaya ninasema: usiache masomo. Komini inahitaji mutu anayejua kusoma bajeti na kuhesabu franka 15 zile. Mutu yule anaweza kuwa weye.

Maswali kwa jamaa

1. Katika nyumba yetu, feza ya kula na feza ya kujenga tunazitenga?
2. Ni kazi gani moja ambayo kartie yetu inahitaji mbele ya zote?
3. Ikikwisha kujengwa, nani ataitunza, na kwa feza gani?