Kuuliza si ujinga, lakini jua unamuuliza nani: Funzo kutoka Eldoret

Miaka mitatu iliyopita mpwa wangu alipata nafasi ya masomo katika Chuo Kikuu cha Eldoret. Nyumbani Mombasa tulifurahi, tukasoma dua, kisha tukabaki tunatazamana. Katika ukoo wetu wote hakuna aliyewahi kuishi Eldoret. Baba yake aliwahi kupita huko mara moja tu, akiwa utingo wa lori la mizigo ya Uganda, na anachokumbuka ni baridi.

Basi msichana akafanya wanavyofanya vijana wa siku hizi. Alichukua simu, akaingia kwenye kikundi kimoja cha Facebook cha wakazi wa Eldoret, akaandika: "Nimepata chuo Eldoret, natafuta chumba cha bei nafuu karibu na chuo. Nisaidieni." Kufikia Isha alikuwa ameshapata majibu zaidi ya ishirini.

Nusu ya majibu hayo hayakumfaa hata kidogo. Eldoret ina vyuo vikuu viwili vya umma. Kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Moi iko Kesses, kiasi cha kilomita 35 kutoka mjini. Chuo Kikuu cha Eldoret, ambacho zamani kilikuwa kampasi ya Moi huko Chepkoilel, kiko upande mwingine kabisa, kilomita tisa hivi kwenye barabara ya Ziwa. Yeye alisema "chuo" tu, na kila mwenye nia njema akamwelekeza kwenye chuo alichokijua.

Mmoja hakujibu hadharani. Alimfuata faraghani na picha za chumba kizuri chenye vigae, akamwambia kuna wengine watatu wanakitaka, atume shilingi elfu tatu kwa M-Pesa ili kishikwe. Msichana akatuma. Asubuhi simu ya yule bwana ilikuwa imezimwa. Tulipoomba pesa zirudishwe, zilikuwa zimeshatolewa.

Lakini kwenye orodha ileile kulikuwa na mama mmoja mwenye duka. Huyu alianza kwa kuuliza: "Chuo kipi, mwanangu? Una shilingi ngapi kwa mwezi? Unaingia lini?" Alipojibiwa, alifunga duka jioni, akaenda kwa miguu kutazama vyumba viwili, akaandika bei, hali ya maji, na kwamba mlango wa kimoja haufungi vizuri. Mwisho akasema: "Usimlipe mtu yeyote mpaka ufike, ukione chumba, ushike ufunguo." Hakuomba hata pesa za vocha.

Mwizi yule na mama huyu wa duka walitokana na swali moja. Makala haya ni kuhusu namna ya kumfikia wa pili bila kuangukia mikononi mwa wa kwanza.

Baraza limehamia kwenye simu

Sisi watu wa Pwani hatuhitaji kufundishwa kuuliza. Baraza za nje ya nyumba zetu zilijengwa kwa kazi hiyo. Mtu anakaa baada ya Alasiri, anauliza fundi wa mashine ya kushonea anapatikana wapi, dawa ya mchwa ni ipi, meli ya fulani imefika au bado. Mwenye kujua anajibu, hadai malipo.

Jambo hilo sasa limeingia mtandaoni. JamiiForums ilianza Tanzania mwaka 2006, na ndani yake watu wameulizana kila kitu kuanzia siasa hadi namna ya kufuga kuku. Mwaka 2010 kampuni ya Google ilianzisha huduma ya maswali na majibu kwa ajili ya Afrika, ikaipa jina letu hilohilo: Baraza. Haikudumu, lakini waliochagua jina walijua wanachokitafuta.

Na hata asiye na intaneti alifikiwa. Mwaka 2015 ilianza Kenya huduma iitwayo Wefarm, iliyotumia ujumbe mfupi wa kawaida. Mkulima aliuliza swali lake bila malipo, mtambo ukalipeleka kwa wakulima wengine wanaojua jambo hilo, nao wakajibu kutoka mashambani mwao. Baadaye ilifika Uganda na Tanzania, na waliojiandikisha walizidi milioni moja. Waliojibu hawakulipwa mshahara. Walikuwa wakulima kama yeye.

Kwa nini mtu ajibu bure?

Ukielewa kinachomsukuma anayekujibu, utajua uzito wa jibu lake.

Wengi hujibu kwa sababu na wao waliwahi kusaidiwa. Mama yule wa duka alimwambia mpwa wangu kwamba alihamia Eldoret bila kumjua mtu, na mgeni mwenzake ndiye aliyempokea. Wengine hujibu kwa kutafuta thawabu, maana kumwelekeza aliyepotea ni sadaka. Wako wanaojibu kwa fahari ya kujua, na hilo si baya likija na ukweli. Wako pia wanaojibu kwa sababu wana kitu cha kuuza: chumba, dawa, nafasi ya kazi, safari ya ng'ambo. Huyu wa mwisho si lazima awe mwongo, lakini jibu lake ni tangazo la biashara, lipime kama tangazo.

Ishara moja haijatudanganya bado. Anayetaka kukusaidia hukuuliza maswali zaidi kuhusu shida yako. Anayetaka pesa zako hukuharakisha.

Namna ya kuuliza ukajibiwa

Kwanza, taja mahali, kiasi na wakati. "Natafuta chumba karibu na Chuo Kikuu cha Eldoret, barabara ya Ziwa, kodi isizidi elfu nne, naingia mwanzo wa Septemba." Swali kama hilo linawanyamazisha wasiojua na kuwaamsha wanaojua.

Pili, sema ulichokwisha kujaribu, ili usirudishiwe yaleyale.

Tatu, uliza jambo moja kwa wakati mmoja. Mpwa wangu mara ya pili alitenganisha maswali yake. Siku moja aliuliza kuhusu mavazi. Akaambiwa Eldoret iko juu, zaidi ya mita elfu mbili kutoka usawa wa bahari, na miezi ya Juni hadi Agosti mvua na baridi hushikana, kwa hiyo blanketi la Mombasa halitamfaa. Siku nyingine aliuliza msikiti ulio karibu na wapi atapata nazi. Nazi zipo sokoni, wakamwambia, ila ajiandae kwa bei, kwa sababu zimesafiri kilomita karibu 800 kumfikia. Kisha kijana mmoja wa Kilifi akamwongezea kwamba akiomba sima hotelini asishangae kutazamwa, aseme ugali.

Nne, usianike siri zako. Nambari ya kitambulisho, picha ya barua ya chuo, nambari ya chumba unacholala peke yako: hayo hayaandikwi mbele ya watu elfu hamsini usiowajua.

Tano, rudi ushukuru na useme jibu lipi lilifaa. Shukrani hiyo ni adabu, na pia ni faida kwa atakayekuja na swali hilohilo mwaka ujao.

Namna ya kulipima jibu

Tuchukue mfano wa mahindi, kwa kuwa Uasin Gishu ni ghala la mahindi la nchi hii. Mwaka 2017 viwavijeshi vamizi vilithibitishwa kuingia Kenya, vikaharibu mashamba mengi ya huko juu. Wakulima waliulizana kwa simu usiku na mchana. Majibu yakamiminika: mwaga majivu, mwaga mchanga, nyunyiza sabuni, nyunyiza dawa fulani, ng'oa yote.

Nani alikuwa sahihi? Kuna waliojibu kwa kuwakumbuka viwavijeshi wa zamani, ambao ni aina nyingine. Aliyetakiwa kuaminiwa zaidi ni yule aliyesema kwanza: "Piga picha ya kichwa chake." Kiwavi huyu mgeni ana alama kama herufi Y iliyopinduliwa kichwani na madoa manne yaliyojipanga mraba karibu na mkia. Tena hujificha ndani ya moyo wa mmea mchana, kwa hiyo anayenyunyiza saa sita za mchana anapoteza dawa yake. Hunyunyizwa alfajiri au jioni, viwavi wakiwa bado wadogo.

Angalia tofauti. Jibu la "mwaga dawa fulani" linakuamuru. Jibu la "tazama kichwa, kisha nenda asubuhi na mapema" linakupa njia ya kuhakikisha mwenyewe. Jibu jema huja na sababu yake, na linaweza kukaguliwa kabla hujatoa shilingi.

Kwa hiyo ukijibiwa, jiulize: Huyu ameona mwenyewe au amesikia? Ameeleza kwa nini? Wapo wengine wawili wasiojuana naye wanaosema hivyo? Akikosea, nani ataumia, yeye au mimi?

Swali hilo la mwisho ndilo kubwa. Kwenye swali la nazi, ukidanganywa utapoteza nauli ya bodaboda. Kwenye swali la ada utapoteza shamba. Mwaka 2023 wazazi waliandamana mjini Eldoret wakidai pesa walizolipa kupitia mpango wa kaunti ya Uasin Gishu ili watoto wao wakasome Finland na Kanada. Jambo la ukubwa huo halitoshi kuulizwa kwa mtu mmoja, awe mtandaoni au ofisini. Wanafunzi walioko huko waulizwe, na chuo chenyewe kiandikiwe moja kwa moja kabla ya pesa kutoka mfukoni.

Maswali yasiyopelekwa kwa umma

Kuna kisa wengi wetu tumekisikia madrasa. Katika zama za Mtume, rehema na amani zimshukie, mtu mmoja alijeruhiwa kichwani akiwa safarini. Akapata janaba, akawauliza wenzake kama anaruhusiwa kutayamamu. Wakamwambia haruhusiwi, maji yapo. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia, Mtume aliwalaumu vikali kwamba wao ndio waliomuua, na akafundisha kuwa asiyejua dawa yake ni kuuliza.

Ukitafakari, wale hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wasafiri wenzake, wenye nia njema, waliojibu bure. Aliyeuliza hakukosea kuuliza. Kosa lilikuwa la waliojibu jambo wasilolijua, badala ya kusema hatujui, subiri tufike kwa anayejua.

Kila siku naona kisa hicho kikijirudia kwenye simu. Mama anaandika usiku: "Mtoto ana degedege, nifanye nini?" Majibu yanakuja: mpake kitunguu, mmwagie maji baridi, mtie kijiko mdomoni. Hilo si swali la kikundi. Hapo unachoweza kuuliza watu ni kimoja tu: nani ana gari karibu anipeleke hospitali? Eldoret kuna Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, ya pili ya rufaa ya kitaifa nchini. Kila mji una kituo chake cha afya. Dozi ya dawa huulizwa kwa mwenye kumwona mgonjwa.

Vivyo hivyo maswali ya talaka na mirathi. Nimeona mtu akiuliza kama talaka imepita, akajibiwa na watu arobaini, kila mmoja na hukumu yake. Peleka hilo kwa kadhi au shehe aliyesoma, atakayewasikia nyote wawili. Na mambo ya mikopo ya HELB, uhamisho wa KUCCPS au kitambulisho yana wenyewe. Uliza umma njia ya kufika ofisini na saa isiyo na foleni. Hukumu ya faili lako aitoe mwenye faili.

Na wewe unayejibu

Tumezoea kumwonya anayeuliza. Anayejibu naye ana amana shingoni. Ukijua, jibu kwa sababu zake. Ukiwa na nusu, sema ni nusu. Ukiwa na maslahi, sema wazi kwamba chumba hicho ni cha shemeji yako. Na usipojua, kunyamaza ni msaada pia.

Mpwa wangu hakuzipata elfu tatu zake. Alipofika Eldoret alikwenda moja kwa moja kwenye duka la yule mama, na chumba kimoja kati ya viwili ndicho anachoishi hadi leo, baada ya mlango kutengenezwa. Sasa ni yeye anayejibu watoto wapya kutoka Lamu, Kwale na Malindi. Juzi nilisoma jibu lake kwa msichana mmoja aliyeandika kwa haraka, kama yeye alivyoandika zamani. Halikuwa refu. Aliandika tu: "Chuo kipi, dadangu?"