Kuinua gari si kubadili springi tu: somo la shokapu kutoka barabara ya Nyamisati

Ukisafiri kutoka Dar es Salaam kwenda kusini kwa barabara ya Kilwa, lami haina shida sana. Shida inaanza pale unapoiacha. Ukichepuka Bungu kwenda Nyamisati, zinakopakia boti za Mafia na za vijiji vya delta, au ukichepuka Kibiti kwenda Mloka, kwenye lango la Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, unakutana na mchanga, udongo mweusi wa mfinyanzi na mashimo, vyote ndani ya safari moja.

Masika moja tulikuwa tunaelekea Nyamisati kuchukua sampuli za maji ya mikoko. Gari letu lilikuwa Land Cruiser ile ambayo wengi tunaiita Mkonge. Wiki moja kabla, gereji fulani ililiinua: springi mpya ndefu na ngumu, matairi makubwa zaidi. Shokapu zikaachwa zilezile za zamani ili kubana matumizi. Kwa macho gari lilipendeza. Mimi mwenyewe nililipiga picha.

Kabla hatujafika Nyamisati, gurudumu la nyuma kushoto likadumbukia kwenye shimo ambalo wala halikuwa kubwa. Tukasikia "kacha!" Dereva wetu, mzee wa Kindengereko aliyeendesha njia zile miaka mingi, akashuka, akachungulia chini, akasema, "Mwanangu, shokapu imeng'oka." Jioni, tukiwa tunajiandaa kurudi, boti ikaleta mama mwenye mtoto mgonjwa kutoka vijiji vya ndani. Gari lililokuwepo pale ni letu tu. Tukawapakia, lakini kila tukiongeza mwendo, nyuma ya gari inaruka na kuyumba kama kitanda cha kamba. Tukaenda mwendo wa baiskeli hadi Kibiti, mama anatutazama, mtoto anaungua homa. Tulifika salama, ila zile saa sijazisahau.

Fundi wa Kibiti aliyetutengenezea aliweka shokapu mbili chini, ya kwetu na nyingine ndefu, akasema, "Waliinua nyumba, ngazi wakaiacha fupi." Makala haya ni jaribio langu la kuieleza sentensi hiyo kwa fizikia.

Vifaa vitatu, kazi tatu

Watu wengi wanadhani springi na shokapu vinafanya kazi moja. Hapana.

Springi inabeba uzito. Ikikandamizwa inatunza nishati, kisha inairudisha. Yenyewe haijui kusimama: ukiikandamiza na kuiachia, itadunda na kudunda.

Shokapu haibebi uzito wa gari. Kazi yake ni kuuzima huo mdundo. Ndani yake kuna pistoni yenye vitundu vidogo, inayolazimisha mafuta kupita. Nishati ya mdundo inageuka joto. Ndiyo maana ukiishika shokapu baada ya barabara iliyojikunja kama bati, inaweza kukuunguza.

Tairi ndiyo sehemu pekee inayogusa ardhi. Kushika breki, kukata kona, kutoka kwenye tope, vyote vinapita pale.

Ukibadili kimoja tu kati ya hivi vitatu, wale wawili waliobaki wanapewa kazi ambayo hawakutengenezewa.

Springi: anza na uzito

Unaikumbuka sheria ya Hooke ya sekondari? Nguvu inalingana na urefu ambao springi imebonyea. Tuchukue mfano wa hesabu. Kona moja ya gari inabeba kilo 500, yaani kama nyutoni 4,900. Springi yake inahitaji nyutoni 40 ili ibonyee milimita moja. Gawanya: itabonyea karibu milimita 123, yaani sentimita 12 hivi.

Sasa weka springi yenye urefu uleule lakini ngumu zaidi, nyutoni 60 kwa milimita. Itabonyea sentimita 8 tu. Umeona? Gari limeinuka sentimita 4 bila springi kuwa ndefu zaidi. Ndiyo maana springi ngumu kwenye gari tupu inaonekana kama "imeinua" gari, kumbe haijapata mzigo wake.

Ongeza kilo 250 kwenye kona hiyo: maji, mafuta, abiria. Springi laini itashuka sentimita 6 zaidi, ngumu itashuka 4. Kwa hiyo springi ngumu ina maana kwa gari linalobeba mzigo mzito kila siku. Kwa gari kama letu, lenye watu wanne na maboksi ya sampuli, inaliacha limesimama juu kama limejinyoosha kwa vidole. Ukichagua springi, jiulize kwanza gari linabeba nini siku za kawaida. Urefu unaoutaka uje baadaye.

Shokapu: urefu na nguvu

Hapa ndipo gari letu lilipofelia, na kosa lilikuwa mara mbili.

Kosa la kwanza ni urefu. Shokapu inaweza kufunguka na kujifunga ndani ya mipaka yake tu. Tuseme gari likiwa limesimama, shokapu imebakiza sentimita 10 za kufunguka kabla ya kufika mwisho. Ukiinua bodi kwa sentimita 5 na shokapu ni ileile, zimebaki 5. Gurudumu likidumbukia kwenye shimo la sentimita 10, springi inaendelea kulisukuma chini, lakini shokapu imeshafika mwisho. Sasa imegeuka kamba. Uzito wa ekseli, rimu na tairi vyote vinaning'inia kwenye bolti na bushi za shokapu, kwa mshtuko. Mara mia mbili inavumilia. Siku moja, kacha!

Usidhani basi dawa ni kununua shokapu ndefu kuliko zote dukani. Shokapu ndefu mno ina mwili mrefu pia. Gurudumu likipanda juu, itafika mwisho wa kujifunga kabla ekseli haijagusa mpira wa kuzuia mgongano. Hapo shokapu ndiyo inakuwa nyundo, na ndani yake vinavunjika vitu. Ndiyo maana fundi makini anapima mara mbili: gurudumu likiwa limening'inia kabisa, na likiwa limekandamizwa hadi kwenye ule mpira. Shokapu sahihi inaishi katikati ya vipimo hivyo viwili, na inabakiza nafasi kidogo kila upande.

Kosa la pili ni nguvu ya kuzima mdundo. Springi ngumu inarudi kwa nguvu zaidi, kwa hiyo inahitaji shokapu yenye kuizuia zaidi. Kwenye mfano wetu, ugumu wa springi umeongezeka kwa nusu, kutoka 40 hadi 60. Nguvu ya kuzima inayotakiwa inaongezeka kwa kipeuo cha pili cha 1.5, yaani kama asilimia 22. Ukiiacha shokapu ya zamani ikiwa bado nzima, mdundo unaobaki baada ya gari kuruka mara moja unapanda kutoka asilimia 14 hivi hadi 20. Si balaa bado. Lakini shokapu iliyochoka, ambayo uwezo wake umeshuka hadi theluthi moja ya awali, inabakiza zaidi ya nusu ya mdundo kila mara. Gari linaruka, linaruka tena, na kila linaporuka matairi yanaikandamiza ardhi kidogo tu. Breki na usukani vya gari ambalo tairi zake haziishiki ardhi havina kazi. Kumbuka tu kwamba yetu ya kushoto haikuwa imechoka. Haikuwepo kabisa.

Tairi: ndiyo inayoinua difu

Jambo hili linawashangaza wengi. Springi ndefu inainua bodi, lakini difu na ekseli vinabaki palepale, kwa sababu vimekaa katikati ya magurudumu. Kitu pekee kinachoinua difu kutoka kwenye tope ni tairi lenye kipenyo kikubwa zaidi.

Soma ubavuni mwa tairi lako. 265/75R16 maana yake ni upana wa milimita 265, ubavu wenye asilimia 75 ya upana huo, na rimu ya inchi 16. Ukipiga hesabu, kipenyo chake ni milimita 804. Ukipanda hadi 285/75R16 unapata 834. Tofauti ni milimita 30, lakini difu linainuka nusu yake tu, milimita 15. Upana wa kidole gumba! Na kwa huo upana wa kidole unalipa: spidomita ikisoma 80, unakwenda 83. Injini inavuta kwa shida kidogo zaidi, breki nazo vilevile. Tairi ni zito zaidi, kwa hiyo shokapu ina kazi ya ziada ya kulituliza linapodunda. Tena ukikata kona huku springi imebonyea, tairi pana linaweza kusugua bodi.

Kwa udongo wa bonde la Rufiji, mara nyingi dawa iko kwenye upepo, na upepo ni bure. Kanieneo ni nguvu kugawanya kwa eneo. Tairi lenye upepo wa psi 35 likibeba kilo 500 linagusa ardhi kwa takribani sentimita za mraba 200. Punguza hadi 18, eneo linakaribia 400. Uzito uleule, nyayo karibu mara mbili. Ni kama tofauti ya kupita kwenye tope kwa viatu vya kisigino na kupita kwa kandambili pana. Ukishusha upepo, nenda polepole, usikate kona kali, na ujaze tena kabla ya kurudi kwenye lami, maana tairi lenye upepo mdogo likikimbizwa linachemka na kupasuka. Pampu ndogo ya kuchomeka kwenye betri ni bei nafuu kuliko springi nne.

Na tuambizane ukweli: tope la mikoko lenyewe halina tairi. Nyamisati gari linaishia, kinachoendelea ni boti. Hakuna springi itakayobadili hilo.

Bei ya urefu

Chukua gari ambalo umbali kati ya magurudumu ya kushoto na kulia ni mita 1.5, na kitovu chake cha uzito kiko sentimita 80 kutoka chini. Uwezo wake wa kutopinduka kwenye kona ni 1.5 kugawanya kwa mara mbili ya 0.8, sawa na 0.94. Pandisha kitovu hadi sentimita 85, unapata 0.88. Umepoteza asilimia 6, na bado hujapakia kitu juu ya paa.

Kuna mengine yasiyoonekana kwa haraka. Bomba la mpira la breki linaweza kuwa fupi, likavutwa gurudumu linaponing'inia. Magari mengi ya mizigo yana vali iliyounganishwa na ekseli ya nyuma kwa fimbo, inayopima mzigo kwa kuangalia bodi imeshuka kiasi gani. Ukiinua bodi bila kuirekebisha, vali inadhani gari ni tupu na inapunguza breki za nyuma. Kwa Land Cruiser za familia hii zenye springi za koili mbele, kuinua kunabadili pia mwinuko wa pembe ya usukani, na gari linaanza kutangatanga barabarani. Yanarekebishika yote, ila lazima mtu akumbuke.

Basi upange vipi?

Kwanza, uzito: andika gari linabeba nini siku za kawaida. Pili, tairi: chagua dogo kabisa linalotosha kwa njia yako, na ujifunze kucheza na upepo. Tatu, springi: zilingane na uzito huo, na ziinue kwa kiasi ambacho tairi linahitaji, si zaidi. Nne, shokapu: zipimwe baada ya springi kufungwa, zote nne, kwa urefu na kwa nguvu. Mwisho breki, usukani, na kuendesha polepole siku ya kwanza. Kama hela haitoshi kwa vyote, usibadili kitu. Gari la kawaida lenye shokapu nzima linafika mbali kuliko gari refu lililofungwa nusunusu.

Leo ukifika kwenye gari la nyumbani au la kazini, fanya jaribio dogo. Likandamize kona moja kwa nguvu, uachie. Likipanda na kutulia, sawa. Likiendelea kudunda, shokapu ya kona hiyo imekwisha. Rudia kona zote nne. Inachukua dakika mbili, na gari hilohilo ndilo siku moja litakalompeleka mtoto wa mtu hospitali.