Diski Iliyochomwa Nyumbani Inapogoma Kucheza

Katika nyumba nyingi za Kampala, na katika kambi za askari vilevile, zimehifadhiwa diski za harusi, za kwanjula na za magwaride ya kuhitimu mafunzo, zilizochomwa kwa kompyuta na mpiga picha wa mtaani. Aghalabu hakuna nakala ya pili. Kwa watoto ambao baba yao alikwenda Somalia na majeshi ya Uganda tangu mwaka 2007, diski moja huweza kuwa ndiyo sura na sauti yake nyumbani.

Kisa cha Wakaliga, kitongoji cha Kampala, chaonyesha hatari ya kutegemea nakala moja. Mwaka 2010 Isaac Nabwana alitengeneza huko filamu ya makomando, Who Killed Captain Alex?, kwa fedha kidogo mno, na diski zake zikauzwa mkono kwa mkono. Kompyuta yake haikuwa na nafasi ya kutosha, ikambidi aifute kazi hiyo ili atengeneze filamu iliyofuata. Iliyosalia ni ile yenye sauti ya VJ Emmie, aliyeisimulia na kuitania juu ya picha. Ile isiyo na sauti yake imepotea.

Basi diski inapokataliwa na deki, isitupwe upesi. Kwanza itiwe diski nyingine iliyotengenezwa kiwandani. Ikiwa nayo haichezi, lenzi ya deki imeingia vumbi au imechoka, na diski ya nyumbani haina kosa. Ikicheza, kosa litafutwe katika uchomaji.

Kosa kubwa ni diski kutofungwa. Mashine ya kurekodia huacha diski wazi ili iongezwe picha baadaye, na diski iliyo wazi huenda isisomwe na deki nyingine yoyote. Tiba ni kuirudisha kwenye mashine ileile iliyoirekodi ili ifungwe; hivyo fundi aliyeuza kamera yake kabla ya kufunga diski za wateja amewatia hasarani. Wengine hunakili faili la video kama wanavyonakili barua, bila kulipanga kwa utaratibu wa DVD. Kompyuta italionyesha, bali deki ya zamani italikataa. Tena zipo diski zenye alama ya kutoa na zenye alama ya kujumlisha. Deki kuukuu nyingi huzipenda zaidi zile za kutoa.

Picha ikiganda, mtazamaji na aangalie saa. Ikiganda mahali palepale kila mara, diski ina ila. Ikiganda leo hapa na kesho pale, deki ndiyo mgonjwa. Diski huandikwa kuanzia katikati kwenda ukingoni, kwa hiyo alama za vidole na karatasi iliyobandikwa vibaya, inayoifanya iyumbe, husumbua hasa mwisho wa filamu. Ndiyo maana keki hukatwa vizuri lakini hotuba ya mjomba hukatika! Uchomaji wa haraka mno nao huzaa ila. Kasi ya wastani ni salama zaidi.

Diski chafu isafishwe kwa kitambaa laini cha pamba na maji yenye tone la sabuni, kwa kupangusa kutoka tundu la katikati moja kwa moja hadi ukingoni. Isizungushwe, kwa maana mchubuko wa mviringo hufuata njia ya maandishi na kuyafuta mengi kwa pamoja. Dawa ya meno hukwaruza, na haifai kujaribiwa kwenye diski isiyo na mwenziwe.

Jua nalo ni adui. Rangi inayobeba maandishi ya diski ya kuchomwa hufifia kwa mwanga na joto, basi isiachwe dirishani wala juu ya televisheni.

Diski iliyoshindikana ijaribiwe katika kompyuta mbili au tatu, kwani mara nyingine hufanikiwa pale deki iliposhindwa. Ikisomeka, inakiliwe siku hiyohiyo kwenye kompyuta na kwenye flashi, kisha ichomwe diski mpya, ifungwe, iandikwe jina kwa kalamu laini ya wino, na ijaribiwe kwa deki ya jirani kabla fundi hajalipwa.