Ari ya Kazi Hutokana na Mpango wa Kazi

Viongozi wengi wa vyama, wamwonapo mtumishi amelegea, humhimiza kwa maneno au humwonya kwa barua. Ni mara chache huulizwa kama kazi yenyewe imepangwa vema. Wahudumu wa abiria ndani ya ndege ni mfano mzuri wa jambo hili.

Kazi ya mhudumu si kugawa chai na chakula tu. Kwanza ni mlinzi wa maisha: huhakikisha mikanda imefungwa, huzima moto uzukapo, na huwatoa abiria upesi ipatikanapo ajali. Ndiyo maana sheria ya Marekani yataka angalau mhudumu mmoja kwa kila viti 50. Pamoja na hayo hukesha usiku, na humpasa kuwa mpole hata atukanwapo.

Mwaka 1976 wataalamu wa Marekani, Hackman na Oldham, walieleza mambo matano yamtiayo mtu ari: kutumia ujuzi wa namna mbalimbali, kuiona kazi tangu mwanzo hata mwisho, kujua kuwa yawafaa watu, kuwa na madaraka ya kuamua, na kuyajua matokeo yake. Mhudumu wa ndege analo la tatu kwa wingi, lakini la nne humpungukia. Kanuni za usalama hapana budi zifuatwe neno kwa neno. Bali kumtuliza abiria mwenye manung'uniko hakuhitaji kungoja amri. Jan Carlzon, aliyeshika uongozi wa shirika la ndege la SAS la Skandinavia mwaka 1981, aliwapa watumishi wanaokutana na abiria madaraka ya kutatua matatizo papo hapo.

Jambo jingine ni msaada wa wenzi kazini. Utafiti uliotolewa mwaka 2008 juu ya wahudumu 44 wa shirika moja la Ulaya ulionyesha kuwa waliposaidiwa na wenzao safarini ari yao ilizidi, na penye ari kazi ilitendeka vizuri zaidi.

Katibu na Kamati nao wajiulize: Je, karani wa mizani huelezwa mazao aliyoyapima yaliuzwaje? Aweza kupima tena mkulima alalamikapo, au ni lazima amngoje Mwenyekiti? Siku za msongamano ana msaidizi? Karani aliyekata tamaa hukosea mizani, na hasara humwangukia mwanachama. Basi kabla ya barua ya onyo kuandikwa, mpango wa kazi na utazamwe kwanza.