Ombi la Maombi Lisigeuke Tangazo

Mwaka juzi mama mmoja wa ushirika wetu wa Kiswahili hapa Uingereza alilazwa ghafla. Mpendwa aliyekwenda kumwona alimpiga picha akiwa kitandani, mirija puani, akaituma kwenye kundi la WhatsApp la ushirika na maneno machache: "Tumwombee mama yetu." Nia ilikuwa njema. Lakini kundi lile lilikuwa na watu zaidi ya mia moja, wengine wakiwa Dodoma na Nairobi. Kabla ya jioni picha ilikuwa imefika kijijini kwa mama yake mzazi, ambaye familia ilikuwa bado haijampa habari. Bibi yule ana presha. Alikesha akilia, akiamini mwanawe amekwisha kufa na watu wanamficha.

Mimi ni muuguzi, na jambo hilo liliniuma zaidi kwa sababu nami niliandika "Amina" chini ya picha ile, badala ya kumpigia simu msimamizi wa kundi ili aifute.

Sisemi tuiache mitandao. Makanisa ya hapa yalipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, simu ndizo zilizotuweka pamoja. Hata leo, Jumapili nyingi ibada inapoanza mimi ndiyo kwanza ninatoka zamu ya usiku. Mahubiri nayasikiliza YouTube nikishaamka. Mwanafunzi aliye mji usio na ibada ya Kiswahili naye hutegemea simu hiyo hiyo. Kwa hiyo tujifunze kuitumia vizuri.

Mgonjwa aulizwe kwanza

Kabla ya kutuma, muulize mgonjwa au wa nyumbani kwake: tuseme nini, na tumwambie nani? Akikubali, inatosha kuandika, "Dada yetu anaumwa, tumwombee." Mungu hahitaji jina la ugonjwa wala namba ya wodi. Picha ya mtu kitandani isitumwe kabisa.

Sheria ya Uingereza ya kulinda taarifa binafsi inazipa ulinzi mkubwa zaidi taarifa za afya na za imani ya mtu. Ombi la maombi hubeba zote mbili kwa pamoja. Wengine hujipa moyo kwamba WhatsApp ni siri. Ni kweli tangu 2016 ujumbe wake hufungwa ili hata kampuni yenyewe isiusome, lakini hilo halimzuii mwanakundi kuupeleka kwingine. Kosa likishatokea, msimamizi anaweza kuufuta ujumbe kwa wote, ila hawezi kuifuta picha ambayo mtu amekwisha kuipeleka kwa mwingine.

Na tafadhali, msituombe sisi wauguzi "tuchungulie" hali ya mpendwa kwenye kompyuta za hospitali. Kufungua jalada la mgonjwa usiyemhudumia ni kosa linaloweza kumpotezea mtu usajili wake wa kazi. Mpigie ndugu wa mgonjwa.

Makundi mawili, si moja

Kundi moja likibeba matangazo, maombi, utani na video za kila aina, watu hulizima sauti, na tangazo la msiba likapita bila kusomwa. Ushirika wetu sasa una la matangazo, ambako wasimamizi pekee ndio wanaoandika, na jingine dogo la maombi, la watu waliokubali kutunza siri. Ujumbe wa matangazo hautumwi usiku wa manane, maana kuna waliolala na waliokazini. Na anayetaja saa aseme ni saa za wapi: wakati wa baridi Dar es Salaam iko mbele yetu kwa saa tatu, wakati wa kiangazi saa mbili.

Neno fupi, mchango salama

Mtu aliyesimama wodini saa kumi na mbili hasikilizi mahubiri ya saa nzima. Mchungaji wetu hurekodi sauti ya dakika tatu: andiko moja, wazo moja, sala. Watu huisikiliza kwenye basi na huwatumia jirani zao. Wageni wawili walifika kanisani kwa njia hiyo.

Kuhusu michango, matapeli huteka simu ya mtu na kuomba pesa kwa jina lake. Ujumbe ukisema "Mchungaji amebadilisha namba ya kupokea pesa," usitume kitu mpaka umempigia kwa namba yake ya zamani na kuisikia sauti yake.

Na watoto je? Usiweke picha za Sunday School mtandaoni bila ruhusa ya wazazi.

Mama yetu alipona. Tulipokwenda kumwomba radhi alisamehe, kisha akasema neno ambalo sijalisahau: "Nilihesabu mikono ya maombi kwenye simu, ilifika sabini na kitu. Waliokuja kuniona walikuwa wawili."

Tangu siku hiyo, kila ombi kwenye kundi letu dogo humalizika kwa swali: nani anakwenda, na lini? Wiki iliyopita jibu la kwanza lilikuja baada ya dakika nne: "Mimi, kesho nikitoka kazini. Nitapeleka uji."