Jinsi Daktari Anavyotambua Ini Lililodhuriwa na Pombe

Wakazi wa Kihesa, mjini Iringa, wanaufahamu vizuri ulanzi, utomvu wa mianzi michanga unaochachuka na kuwa pombe. Mnywaji wa miaka mingi akigeuka macho kuwa ya manjano, majirani husema upesi: ni pombe. Daktari hafanyi haraka hiyo, kwani manjano huweza kuletwa pia na virusi vya homa ya ini, malaria kali, au mawe ya nyongo.

Kwanza huuliza kiasi na muda wa unywaji, kisha hupapasa tumbo. Halafu damu hupimwa. Chembechembe za ini zikiumia, vimeng'enya viwili, AST na ALT, huvujia katika damu. Pombe ikiwa ndiyo chanzo, AST kwa kawaida huizidi ALT mara 1.5 au zaidi, wala haipiti yuniti 400 kwa lita. Katika shambulio la ghafla la virusi, ALT ndiyo huzidi, na huweza kufika maelfu. Virusi vya B na C hutafutwa pia. Shaka ikibaki, kipande kidogo cha ini hutazamwa kwa darubini.

Basi kipimo kimoja hakitoshi. Anayehukumiwa kwa harufu ya kinywa huweza kukosa tiba ya ugonjwa wake halisi. Naye anayeficha unywaji wake humfumba daktari macho.