Chuo kilichozaliwa karakanani

Mwaka 1890, wahitimu wa kwanza wa Georgia Tech walirusha sarafu kuamua nani atangulie kupokea shahada. Walikuwa wawili tu, na fani ilikuwa moja: uhandisi wa mitambo.

Chuo hicho cha umma jijini Atlanta, Marekani, kilianzishwa na bunge la jimbo la Georgia mwaka 1885, miaka 20 baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kuiacha Kusini hoi. Georgia ilikuwa na pamba tele, lakini viwanda vikubwa vilikuwa Kaskazini. Wajumbe walipotumwa huko kuchungulia vyuo vya ufundi, walivutiwa na cha Worcester, Massachusetts, ambako wanafunzi walitengeneza bidhaa za kuuzwa. Wakauleta mtindo huo nyumbani. Masomo yalianza Oktoba 1888, karakana ikateketea kwa moto mwaka 1892, ikajengwa upya, lakini kabla ya karne kwisha biashara ile ilikuwa imeachwa. Hasara yake haikuwa kubwa: chuo kinachokimbizana na oda za wateja kitafanya utafiti saa ngapi? Desturi ya filimbi ya mvuke ya enzi hizo imebaki: hupulizwa kuashiria mwisho wa vipindi.

Utafiti ulipata makao yake mwaka 1934, kilipofunguliwa kituo cha majaribio ya uhandisi. Leo kituo hicho ni taasisi kubwa, na sehemu kubwa ya kazi zake ni za ulinzi.

Milango haikufunguliwa kwa wote mapema. Wanawake waliruhusiwa kusoma shahada za kawaida mwaka 1952, Weusi mwaka 1961. Mapema mwaka huo ghasia zilikuwa zimezuka katika Chuo Kikuu cha Georgia, mjini Athens, Weusi wawili walipoingia kwa amri ya mahakama. Georgia Tech haikungoja amri. Wanafunzi watatu Weusi waliingia kwa utulivu.

Halafu kuna George P. Burdell, mwanafunzi asiyekuwepo. Mwaka 1927 William Edgar Smith alipewa fomu mbili za usajili kimakosa, akaijaza ya pili kwa jina la kubuni. Kisha akawa anafanya kazi za darasani mara mbili, akibadilisha kidogo majibu ya Burdell ili walimu wasishtuke. Burdell akapata shahada. Mwaka 1969 chuo kilipohamishia usajili kwenye kompyuta, watundu waliingilia mfumo na kumwandikisha katika kila somo lililokuwepo.